Arobaini na Nne kwa Mia na Moja

Mguu wa mama ulianza kunuka siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo kilikuwa kidonda tu, kidole gumba kilichojikwaa kwenye kizingiti cha choo, kisha kisukari kikafanya kazi yake taratibu. Ijumaa hiyo nilipofika kutoka shuleni, harufu ilinipokea barazani. Walikuwa wamefukiza udi ili kuiua, udi ukashindwa, zikawa harufu mbili zimelaliana ndani ya nyumba yetu ya Barabara ya Kumi na Tano. Mpaka leo nikinusa udi harusini hutoka nje nikisingizia joto.

Jumapili tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo kabla ya kufunua bandeji, akaangalia, akafunika. Akasema, "Bibi, mguu huu tuukate kesho, chini ya goti. Tukichelewa uozo utapanda, na ukipanda hatutachagua tena pa kukata."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikatwi mpaka nisomewe."

Daktari hakuelewa, mimi nilielewa. Alitaka isomwe ile sala ya kumsalia Mtume, mara elfu nne mia nne arobaini na nne, na isomwe na watu wake mwenyewe, siyo ya kuagiza. Bila hiyo hatatia kidole kwenye karatasi ya ruhusa. "Sendi mbele ya kisu na hesabu pungufu," alisema, akanigeukia mimi. "Weye ndiye mwenye hesabu. Ukin'ambia imetimia, n'takwenda."

Nimefundisha hisabati sekondari miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyewahi kunipa mtihani kama ule.

Niiseme kwanza namba yenyewe, maana nimekua nayo. Nilipokuwa mdogo, kisomo hiki kilifanyika kwa bibi yangu, kijijini Pongwe, kila palipokuwa na mgonjwa mzito au safari ya kutisha. Bibi alialika wanawake arobaini na wanne. Siyo arobaini, siyo hamsini. Akija wa arobaini na tano alipewa kazi jikoni, hata angekuwa nani. Kila mmoja alikuja na tasbihi yake ya shanga tisini na tisa, na kati yake kuna zile shanga mbili ndefu zinazoigawa mafungu matatu. Kwingine watu huzipita hizo mbili bila kusoma kitu. Kwa bibi zilisomewa kama nyingine. Tisini na tisa na mbili, mia na moja. Mtu alizunguka mara moja, akaweka tasbihi chini, akanywa chai.

Sikuuliza kwa nini arobaini na wanne mpaka nilipofika kidato cha pili, tulipofundishwa vigawo. Mwalimu alitupa namba zake za kitabuni, mimi nikachukua ya nyumbani. 4,444. Nikaigawa kwa mbili, nikaigawa tena, ikabaki 1,111. Hapo ikanigomea. Ukiitazama 1,111 unadhani ni namba tasa, imesimama wima na haina pa kushika. Nikajaribu tatu, ikakataa. Saba, ikakataa. Kumi na moja ikakubali, ikaacha mia na moja. Na mia na moja haigawanyiki na chochote isipokuwa moja na yenyewe. Basi ndiyo yote: nne, mara kumi na moja, mara mia na moja. Nne mara kumi na moja ni arobaini na nne. Arobaini na nne kwa mia na moja ni elfu nne mia nne arobaini na nne, haizidi hata moja wala haipungui. Bibi yangu hakujua kuandika jina lake. Nilikaa na daftari lile mpaka kengele ikalia, na nadhani ndiyo siku niliyochagua kazi ya maisha yangu.

Namba hii ina vigawo kumi na viwili tu. Wakija watu kumi na mmoja itawatosha sawasawa, wakija ishirini na wawili itawatosha. Wakija thelathini lazima wengine wasome zaidi ya wenzao. Watatu tu hawawezi kugawana. Na ukiziruka zile shanga mbili ndefu, basi wanawake arobaini na wanne wamesoma 4,356, zimepungua themanini na nane, nao wanakwenda zao wakiamini wamemaliza. Nimeona visomo vingi vya namna hiyo mjini Tanga, nikanyamaza kwa heshima, huku moyoni nikiona kinyaa.

Siku hizi hakuna anayealika watu arobaini na wanne. Binamu yangu wa Dar es Salaam, binti wa mama mdogo, alifungua kundi la WhatsApp Jumapili ile ile mchana, akawaingiza ndugu wote, akaandika kila mtu ataje atakazosoma. Zikaanza kumiminika. "Mimi 500." "Mimi 300." "Niwekee 1,000, nipo kwenye foleni." Mwingine aliweka 200 na picha ya waridi.

Sifuri ni namba ya wavivu. Mtu aliyesoma kweli huishia 317, au 86, kwa sababu mtoto amelia au wali umeungua. Hawa wote walikuwa wamekoma penye sifuri, ndugu thelathini na kitu, na hakuna hata mmoja ambaye wali wake uliungua. Tulikuwa tumemrudisha mama nyumbani, nami nimeketi kwenye ukingo wa kitanda chake, simu mkononi, nikiona kinyaa ambacho hakikutokana na harufu peke yake.

Kabla ya magharibi binamu akatangaza: "Alhamdulillah, 4,444 imetimia. Mama mkubwa aende kwa amani."

Mama alikuwa ananitazama. Nikajumlisha. Nikapata 4,120. Sikuwa hata na haja ya kujumlisha, maana namba zinazoishia na sifuri zikijumlishwa haziwezi kuishia na nne, hata zijumlishwe na nani. Nikamwuliza kundini, 324 zilizobaki zimesomwa na nani? Akajibu, "Nimemalizia mimi, dada." Kati ya ndugu wa mwisho kutaja namba yake na yeye kutangaza zilikuwa zimepita dakika nne.

Hapo nikafanya jambo ninalolikumbuka kwa aibu, ingawa siku ile nililifurahia. Niliandika hesabu yote mbele ya ukoo mzima, mstari chini ya mstari kama ubaoni. Sala moja, kwa msomaji mwepesi, haipungui sekunde kumi na tano. 324 kwa kumi na tano ni sekunde 4,860. Hizo ni dakika themanini na moja. Wewe umetumia nne. Mwisho nikaongeza: njia ya mwongo fupi.

Binamu akatoka kundini. Mashangazi wakaanza kutuma sauti, kila mmoja na lake. Mmoja alisema Mwenyezi Mungu hahesabu kama mwalimu wenu. Nilichukizwa kuliko mwanzo. Watu wanajitajia namba mbele ya Mungu kama wanaagiza soda, kisha wakibanwa wanasema Mungu hana haja na namba. Kama hana haja, si mngesoma moja ya kweli mkalala?

"Imetimia?" mama akauliza.

Kitanda cha upasuaji kilikuwa tayari kwa Jumatatu asubuhi. Neno moja tu lingetosha. Nikasema, "Haijatimia, mama."

"Basi sendi," akasema, akageukia ukutani.

Jumatatu na Jumanne nilizunguka mji kutafuta wasomaji. Wengine walikuwa harusini Ushongo, wengine walisema watakuja na hawakuja, wengine wangali wamenuna kwa yale niliyoandika. Daktari alipiga simu Jumatatu. Jumanne alipiga tena, na sauti yake ilikuwa imepungua adabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha bandeji. Ilikuwa inagandamana na nyama, inabidi uilowanishe, na yale maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya maji ya kuoshea dengu. Weusi ulikuwa umepita kifundo. Mama alikuwa akiangalia dirisha.

"Nisamehe, mwanangu, kwa uvundo huu."

"Haunuki, mama," nikamwambia, huku nikipumua kwa mdomo.

Niliona kinyaa na mguu wa mama yangu. Nalisema wazi kwa kuwa watu hupenda kuandika kwamba mapenzi hayana kinyaa. Yanacho. Nilikuwa nikimaliza naenda uani nakisugua kiganja kwa majivu na ndimu, nanusa, nasugua tena. Kisha narudi nakaa naye, na kila anaposema asante najichukia.

Jumatano asubuhi nikawa nimepata wanawake kumi. Majirani watano, ndugu wanne, na mwalimu mmoja mzee wa chuoni aliyenifundisha alifu kwa kijiti. Na mimi wa kumi na moja. Kumi na moja wanatosha: kila mtu mizunguko minne ya tasbihi, pamoja na zile shanga ndefu, ni 404. Kumi na moja kwa 404 inarudi pale pale. Nilihisi namba inanisaidia.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mlutheri. Baba yake alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, naye alizaliwa kambini, akaolewa mjini. Alikuja akasema, "Mwalimu, mie sijui kusoma hiyo yenu, lakini nipe kazi." Nikampa ungo na komwe arobaini na nne, zile mbegu za kijivu za kuchezea bao. Kila msomaji akimaliza mzunguko atainua mkono, naye ataweka komwe moja kwenye ungo. Komwe zikiisha mfukoni, kisomo kimetimia. Basi mhakiki wa kisomo chetu akawa Mlutheri, na hakuna aliyeguna, maana wote walijua ndiye peke yake asiye na sababu ya kuharakisha.

Nilisimama mbele yao nikaeleza kama nasimamia mtihani wa taifa. Shanga ndefu zisomewe. Asiyesoma asihesabu. Nataka nione midomo inacheza, maana kidole kinaweza kudanganya. Shangazi yangu akauliza, "Mwalimu, na mikoba tutaiacha nje?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Niliketi pembeni ya mlango wa chumba cha mama, mahali nilipoweza kuona midomo yote kumi.

Walisoma vizuri. Lazima niseme hivyo. Hakuna aliyegusa simu. Mwalimu mzee alifunga macho na midomo yake ikawa haipumziki. Mzunguko wa kwanza nikaumaliza, nikainua mkono, komwe ikaanguka kwenye ungo. Nikaanza wa pili. Nilikuwa nimefika katikati, au karibu na katikati, mama aliponiita.

Bandeji ilikuwa imelegea na nzi ameingia. Nikafunga mlango, nikaanza kufungua. Chini ya kitambaa cha mwisho, kwenye ukingo wa kidonda, palikuwa na kitu cheupe kidogo, nacho kilisogea.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Uzi wa bandeji."

Nikakitoa kwa pamba. Kilikuwa kimoja tu. Nikasafisha, nikafunga upya, nikamfunika, nikanawa mikono, nikarudi mkekani, nikachukua tasbihi. Sikujua nilikuwa nimefika wapi. Kidole kilishika shanga fulani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nilitaka kusoma, na nikajua kwamba nikifungua mdomo nitatapika pale pale, mbele ya wanawake kumi na mbele ya jina la Mtume. Nikaubana. Vidole vikaendelea. Shanga moja, nyingine, nyingine, shanga ndefu, nyingine. Nilijiambia nasoma moyoni. Moyoni hapakuwa na kitu isipokuwa kile cheupe kinachosogea.

Nikainua mkono. Jirani akaniangalia. Hakuniangalia machoni, aliniangalia mdomoni. Akaweka komwe.

Ningeweza kusema nianze upya. Ilikuwa saa nne unusu, mchana wote ulikuwa mbele yetu, na kwa ule mzunguko mmoja nilihitaji dakika ishirini na tano tu. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimesimama juu ya vichwa vya watu nikihubiri hesabu, na wenzangu walikwisha kunitangulia. Nikapitisha mzunguko wa tatu mdomo umefungwa. Nikapitisha wa nne. Kila nilipoinua mkono yule mama wa Kilutheri alisita kidogo, kisha komwe ikaanguka. Ya arobaini na nne ilikuwa yangu. Nilikuwa wa mwisho, na wote walikuwa wamenigeukia wakisubiri.

"Mwalimu, umemaliza?" mwalimu mzee akauliza.

"Nimemaliza."

Akaomba dua ndefu. Wanawake wakaitikia amina, wengine wakilia. Nilikwenda uani nikatapika.

Nikarudi kwa mama. Alikuwa ameisikia dua kupitia ukutani, uso wake umetulia, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hata hivyo akauliza, kwa kuwa tulikubaliana hivyo. "Imetimia?"

"Imetimia, mama."

"Kamili?"

"Kamili."

Akatia kidole kwenye karatasi adhuhuri hiyo hiyo, tena kwa haraka, akidai wino zaidi.

Alhamisi wakamkata. Daktari aliniita ukumbini baadaye, akaegemea ukuta, amechoka. "Anaendelea vizuri," akasema. "Lakini tumekata juu ya goti. Jumatatu ingekuwa chini." Akanieleza taratibu tofauti yake, kwamba mzee mwenye goti hufundishwa kutembea na mguu wa bandia, na asiye nalo, kwa umri ule, mara nyingi hukaa. Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshaelewa tangu alipotaja Jumatatu.

Nimejaribu mara nyingi kuipata namba ya siku ile. Wasomaji kumi nina hakika nao, hizo ni 4,040. Mzunguko wangu wa kwanza niliusoma, jumla zikawa 4,141. Wa pili nilisoma hamsini, au arobaini, au sitini, sijui. Ile 4,444 nakutajia vigawo vyake vyote hata ukiniamsha usingizini. Hiyo iliyosomwa kwa ajili ya mama yangu siijui hata tarakimu ya mwisho.

Wiki tatu baadaye mama alikuwa nyumbani, ameketi kitandani na mto chini ya paja fupi. Binamu akaja kutoka Dar es Salaam. Alileta zabibu, na shuka mpya. Jirani alikuwepo, anachambua mchele sakafuni, na mimi nilikuwa napanga dawa. Binamu hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa chini, akashika mkono wa mama, akasema, "Mama mkubwa, nimekuja kuomba radhi. Sikusoma. Hata zile mia tano zangu za mwanzo sikuzisoma. Nilitaja tu, nikasema nitasoma baadaye, nikasahau."

Mama alimpapasa kichwa. Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayesema mvua ya mwaka huu imechelewa.

"Ungesoma kweli siku ile, mwanangu, leo n'ngekuwa na goti langu."

Binamu akaangua kilio. Jirani aliacha kuchambua, akainamia ungo. Nilisubiri anitazame, hakunitazama. Nilijua ninachopaswa kusema, na nilikuwa nacho mdomoni chote, kwa mpangilio: kwamba Jumapili neno moja langu lingeliokoa goti, nikalikataa kwa sababu lilikuwa uongo, na Jumatano nikalisema lile lile, likiwa uongo vile vile, goti likiwa limekwisha kwenda.

"Mwombe radhi na dadako," mama akamwambia. "Yeye ndiye aliyehangaika mpaka ikatimia kamili."

Binamu akageuka kwa magoti. "Nisamehe, dada. Uliniambia ukweli mbele ya watu, nikanuna."

"Yamekwisha," nikasema.

Nikampa mkono, naye akaubusu.